Kabla hujakisifia kiti, kigeuze kwanza

Habari zenu jamani, karibuni, mlioko mlangoni sogeeni mbele nafasi bado zipo. Nimeombwa niongelee samani na taa za kazi ya mkono zinazong'ara kwenye maonyesho ya ubunifu wa kisasa, na waandaaji walitaka orodha, kumi bora hivi, kitu cha kurusha mtandaoni, nikawaambia hapana bwana, orodha za hivyo ziko kibao na nyingi zinaandikwa na watu ambao hata hawajavigusa hivyo vitu, wameviona kwenye picha basi. Mi nitawaambia nikiingia ukumbini naangalia nini, na kwa nini kuna stuli moja inaweza kunisimamisha nusu saa nzima wakati banda la jirani lina foleni ya watu wanaopiga selfi na mimi napita zangu.

Kwa wale wageni kidogo wa haya mambo, maonyesho makubwa kuliko yote ni Salone del Mobile ya Milan, yalianza 1961 kama njia ya viwanda vya Italia kutafutia fanicha zao wateja wa nje, halafu taa zikapewa maonyesho yake ndani ya hayohayo, Euroluce, tangu 1976, hayo yanakuja mwaka mmoja yanaruka mwaka mmoja. Mwaka 1998 Marva Griffin akaanzisha kona ya vijana wasiozidi miaka 35, SaloneSatellite, na mkiniuliza mimi kona za namna hiyo ndo tamu kuliko mabanda makubwa yote yenye zulia na kahawa ya bure, kwa sababu kijana hana kiwanda, hana bajeti, ana mikono yake na karakana ya kuazima, kwa hiyo kila alichofanya kuna sababu.

Na hapo ndo penye hoja yangu. Siku hizi kila banda limeandikwa "kazi ya mkono". Meza imekatwa na mashine ya kompyuta mwanzo mpaka mwisho, mtu kapitisha msasa dakika kumi za mwisho, basi ni kazi ya mkono. Sina ugomvi na mashine, nitafika huko. Ugomvi wangu ni pale mkono unapotumika kama kipodozi, alama za patasi zimeachwa makusudi ili kitu kionekane kimechongwa, kingo zimeliwaliwa ili kionekane cha zamani, nyuzi zimening'inia bila kazi yoyote. Hiyo mi hainigusi. Kazi ya mkono ya kusimamisha watu ni ile ambayo kulikuwa na shida ya kweli kwenye kile kitu na mkono ndo ulioitatua, na mara nyingi pale palipotatuliwa hapaonekani ukisimama mbele, panaonekana ukiinama, ukigusa, ukigeuza. Ombeni ruhusa halafu geuzeni. Fundi mwenye kazi nzuri anafurahi ukigeuza kiti chake, anayekasirika nadhani mnaelewa.

Tuchukue mfano ambao wengi mmeshauona hata kama hamjui jina, kile kiti cha Hans Wegner, mbunifu wa Denmark, chenye herufi Y mgongoni, alikichora 1949 na kampuni ya Carl Hansen & Søn ikaanza kukitengeneza 1950 na hawajaacha mpaka leo. Kila mtu anaangalia ile Y na ile mbao ya juu iliyopinda. Mimi naangalia sehemu ya kukalia. Ile ni kamba ya karatasi, karatasi kabisa iliyosokotwa ikakaza, inaingia kama mita 120 kwenye kiti kimoja na inasukwa kwa mkono. Sasa shida iko wapi? Kikalio siyo mraba. Mbele kipana, nyuma chembamba. Ukianza kuzungusha kamba pembe zote nne kwa pamoja utafika mahali nyuma pamejaa na mbele bado kuna pengo, na hapo huna pa kwenda, unafumua. Kwa hiyo fundi anaanza na pembe mbili za mbele peke yake, anakata vipande, anapigilia misumari midogo kwa ndani, anajaza jaza pale mpaka nafasi iliyobaki mbele ilingane na ya nyuma, ndo sasa anaanza kuzunguka kiti kizima. Na kila mzunguko lazima avute kwa nguvu ileile, akilegeza upande mmoja leo hutaona kitu, ila baada ya muda mtu akikalia kikalio kinabonyea kule kulikolegea, na kamba zikishaanza kupandana hapo hapatengenezeki bila kusuka upya. Mashine ya kufanya hiyo kazi vizuri hawajaipata, na siyo kwa kukosa hela.

Ndo maana nikikuta kiti kilichosukwa kwenye maonyesho, iwe kamba, ngozi, majani au plastiki, siangalii rangi kwanza. Napitisha vidole kwenye ile mistari minne inayotoka pembeni kuja katikati. Ikiwa imenyooka mpaka mwisho, aliyesuka anajua. Ikiyumba karibu na katikati, basi alikuwa anakimbizana na tarehe ya ufunguzi, na tunajua wote hali inakuwaje wiki ya mwisho.

Jambo lingine, nyanyua. Gio Ponti, mbunifu wa Italia, alihangaika miaka na kiti kimoja mpaka 1957 kampuni ya Cassina ikakitoa, Superleggera, kilo 1.7 tu. Miguu yake haina umbo la duara wala mraba, ina pembe tatu, unene wa milimita 18, na hiyo pembetatu ndo iliyomruhusu akate mbao kiasi kile bila kiti kuvunjika. Yaani wepesi haukuja kwa kupunguza punguza tu, ulikuja kwa mtu kujua ni wapi mbao inabeba na ni wapi imekaa bure. Kwenye mabanda mengi sasa hivi ni kinyume, kila mtu anatengeneza meza nzito kama kaburi na kuiita ya kifahari.

Kuhusu hizo meza nzito tuongee vizuri maana hapa ndo watu wanapigwa. Mbao nzima, siyo plaiwudi, haikai kimya. Hewa ikiwa na unyevu inatanuka, ikikauka inasinyaa, na inafanya hivyo kwa upana, kwa urefu haiongezeki kitu cha maana. Sasa ukiwa na meza ya ubao mpana halafu ukaikaza kwa skrubu kwenye fremu ya chuma isiyosogea, ubao utataka kusinyaa, chuma kitakataa, na mmoja lazima akubali, na anayekubali ni ubao, unapasuka. Kwa hiyo inama chini ya meza. Fundi anayejua ameacha matundu ya skrubu yakiwa marefu kidogo, au ameweka vile vijibao vidogo vinavyoingia kwenye mfereji wa fremu, meza imeshikwa lakini ina pa kuchezea. Ukikuta skrubu zimekazwa tu kotekote na gundi juu, usiseme kitu, tabasamu, endelea.

Na kwenye habari ya nyufa lazima nimtaje George Nakashima, maana nusu ya mabanda duniani yanamwiga na wengine hata hawajui wanamwiga nani. Huyu alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Japani, alisomea usanifu wa majengo, halafu vita ikaja, 1942 yeye na familia yake wakawekwa kambini Idaho pamoja na Wamarekani wengine wenye asili hiyo. Kule kambini akakutana na seremala mmoja aliyefunzwa Japani, Gentaro Hikogawa, akawa anafanya kazi naye na vifaa vya kuokoteza, na ndiye aliyemfundisha mambo mengi ya viungo na uvumilivu. Alipotoka 1943 akaenda New Hope, Pennsylvania, akafungua karakana yake, na hela ya kununua mbao safi iliyonyooka hakuwa nayo, alikuwa anatumia mbao ambazo wengine wanazikataa, zenye macho, nyufa, kingo za gome. Ufa ukiwepo alikuwa anatoboa pande zote mbili anazamisha kipande cha mbao ngumu chenye umbo la kipepeo, kiuno chembamba katikati, mabawa mapana huku na huku, kile kipande kinashika ufa usiendelee. Mnaona? Shida, halafu jibu, halafu jibu likawa zuri kiasi kwamba likawa alama yake.

Leo unakuta banda, ubao hauna ufa hata wa dawa, na vipepeo vitano vimepangwa juu kama urembo. Nilimuuliza kijana mmoja mwenye banda la hivyo, kaka hawa vipepeo wanashika nini, akasema "ni stailo". Sawa. Na zile meza zenye mto wa bluu wa resini, ile gundi ya kumimina ikagande, katikati sitaki hata kuziongelea, nimechoka, nyie wenyewe mmechoka.

Nilisema nitarudi kwenye mashine. Kuna kiti cha Michael Thonet namba 14 cha mwaka 1859, kile cha migahawa ya zamani chenye mgongo wa duara, hicho ni cha kiwanda kabisa, vipande sita na skrubu, vikifumuliwa viti 36 vinaingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Lakini moyo wa kile kiti ni kukunja mbao kwa mvuke, na mbao ukiipasha moto inakubali kubanwa ila haikubali kuvutwa, upande wa nje wa mkunjo unachanika. Jibu lilikuwa kufunga bamba la chuma upande wa nje ili usivutike, mkunjo wote ubebwe na upande wa ndani unaobanwa, na wafanyakazi wanasukuma kwa mikono wakizungusha kwenye kalibu kabla haijapoa. Kwa hiyo kiwanda na mkono siyo maadui. Siku hizi nikiona kazi ya mbao iliyokunjwa napitisha kidole upande wa nje wa mkunjo, nikihisi vinyuzi vimesimama hata kama vimepakwa vanishi, najua palitaka kuchanika.

Tuje kwa wale wanaosema vitu vya maonyesho havikaliki. Ni kweli, vingi havikaliki, na vingine havikukusudiwa. Marc Newson miaka ya 1980 akiwa kijana Australia alitengeneza kiti kirefu cha kulalia, Lockheed Lounge, alitaka kukifunika kwa bati moja la alumini bila kiungo, ikashindikana, umbo lina mabonde mengi bati linakunjamana. Akakata vipande vipande, akavipiga kwa mkono vikafuata umbo, akavishona kwa ribiti, mamia ya ribiti. Aprili 2015 kimoja kiliuzwa mnada wa Phillips London kwa zaidi ya pauni milioni 2.4. Hakina raha ya kukalia, tusidanganyane, lakini ile mistari ya ribiti ambayo watu wanaisifia ni kushindwa kwake kulikogeuzwa kuwa njia. Ukitaka kununua kiti cha kukalia kanunue kingine.

Haya, taa. Taa ni ngumu zaidi kuhukumu kwenye maonyesho kwa sababu banda zima ni taa, kila kitu kinawaka, macho yanachoka ukifika banda la saba. Na kuna ujanja mmoja mjue, taa za kuning'inia zinatundikwa juu sana kuliko zitakavyokaa nyumbani, kwa hiyo hujui kama balbu itakuchoma macho. Mi nafanya hivi, najishusha, nachuchumaa kama inabidi, macho yawe pale yatakapokuwa mtu akikaa mezani. Watu wananishangaa, wacha wanishangae.

Mtu aliyekomaa na hilo swali moja maisha yake yote ni Poul Henningsen wa Denmark. Balbu ya umeme ilivyokuja watu waliona ni muujiza, yeye akaona ni kitu kinachoumiza macho na kufanya nyuso za watu zionekane mbaya. Miaka ya 1920 akaanza kuchora taa za vifuniko vitatu vilivyopangana, kila kimoja kimepindwa kwa hesabu ili mwanga ugonge, ushuke, usambae, na mtu aliyekaa asione balbu yenyewe. Kampuni ya Louis Poulsen inazitengeneza mpaka leo. Mwaka 1958 akafanya ile kubwa ya mgahawa wa Langelinie kule Copenhagen, ile wanayoiita Artichoke, majani 72 ya shaba, safu 12, kila safu majani sita, kila safu imekaa nusu hatua pembeni ya iliyo juu yake ili jani lizibe pengo. Ukizunguka taa yote, ukainama, ukapanda ngazi, huioni balbu. Leo taa nyingi za "majani" kwenye mabanda ni majani mazuri kweli, halafu unainama kidogo tu, paa, balbu usoni. Wamechukua sura wakaacha kazi.

Ila kama mngenilazimisha nichague taa moja ya mkono ya kuwaonyesha jinsi kitu kinavyotengenezwa ningechagua Akari za Isamu Noguchi. Noguchi alikuwa mchongaji, mawe na chuma, mwaka 1951 alipita mji wa Gifu huko Japani, mji wa watengeneza taa za karatasi, akaombwa asaidie maana biashara ilikuwa inadorora. Akachora maumbo mapya na karakana ya Ozeki ikayatengeneza, na inaendelea mpaka leo. Kwanza kuna kalibu ya mbao yenye umbo la taa, imeundwa kwa vipande vinavyofumuka, ina vipengo vidogo pembeni. Fundi anazungushia ubavu mwembamba wa mwanzi kufuata vile vipengo, kuanzia juu mpaka chini, kama mzunguko mmoja mrefu usiokatika. Halafu anachukua karatasi ya washi, hii inatoka kwenye gome la ndani la mforosadi, imekatwa vipande vyembamba vya kufuata umbo, anapaka gundi kwenye mwanzi, anabandika kimoja baada ya kingine, vinapishana kidogo sana, kwa blashi. Inaachwa ikauke. Ikishakauka anaingiza mkono kwenye tundu la juu, anafumua kile kalibu kipande kwa kipande na kukitolea palepale, na taa inabaki imesimama yenyewe. Unaibonyeza inalala bapa, unaiweka kwenye bahasha, unaisafirisha.

Angalieni shida ngapi zimemalizwa hapo. Wepesi, usafirishaji, mwanga uliolainishwa na karatasi isiyo sawasawa, na ile mistari ya mwanzi ambayo siyo pambo, ndo mifupa. Noguchi mwaka 1986 alipopewa banda la Marekani kwenye Venice Biennale alizipeleka taa hizo pamoja na sanamu zake, na kuna waliokereka kwamba amepeleka taa kwenye maonyesho ya sanaa. Zile za kuiga mnazoziona kila mahali zina waya badala ya mwanzi na karatasi ya mashine iliyo nyeupe moja kwa moja, ukiziwasha mwanga unakuwa umepoa vile, hauna mawingu. Shika kwa vidole viwili kwenye mshono mtaona tofauti bila kuelezwa.

Nyingine fupi. Álvaro Catalán de Ocón wa Hispania na PET Lamp, ilianza Colombia 2012 na wasukaji wa jamii ya Eperara-Siapidara waliokuwa wamehamishwa na vita kwenda Bogotá. Chupa ya plastiki, shingo na kizibo vinabaki vizima, hapo ndo waya wa umeme unapopita na kushikwa, tumbo la chupa linachanwa mikanda, na mikanda hiyo ndo inakuwa mwanzo wa msuko wa nyuzi. Baadaye wakafanya na wasukaji wa Chile, Ethiopia, Japani na kwingine, na kila sehemu msuko ukaja na wenyewe. Kuna taka nyingi zinazogeuzwa kuwa taa kwenye maonyesho na nyingi ni kelele tu, hii nimeiheshimu kwa sababu ya shingo ya chupa, ukiitoa hiyo shingo kile kitu hakijengeki.

Vioo vya kupuliza, seramiki, shaba nyeupe, hivyo nitavipita leo maana muda, ila kioo ukikiona angalia chini penye kovu la fimbo ya chuma iliyokishika wakati kinatengenezwa, aliyelisafisha vizuri kajali.

Mwisho nataka niongelee kitu ambacho wauzaji hawapendi kuulizwa. LED. Siku hizi taa nyingi nzuri za mkono zina LED iliyogandishwa humo ndani, mbao imechongwa wiki nzima, shaba imepigwa nyundo, halafu ndani kuna kijibamba cha LED kilichogundishwa ambacho kikifa, taa yote imekufa. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2021 una kanuni kwamba chanzo cha mwanga na kifaa chake cha umeme viweze kutolewa bila kuiharibu taa, kwa zana za kawaida, labda kuwe na sababu ya kiufundi, lakini ukipita mabandani bado utaona mambo. Kwa hiyo uliza maswali matatu hapohapo. Hii ina rangi gani ya mwanga, maana ukitaka mwanga wa joto wa sebuleni unatafuta kama Kelvini 2700, na uwezo wake wa kuonyesha rangi uwe 90 kwenda juu, chini ya hapo mbao nyekundu inaonekana kama udongo. Inaweza kupunguzwa bila kupepesa? Hapo washa kamera ya simu, ielekeze kwenye taa iliyopunguzwa, ukiona mistari inatembea, inapepesa hata kama jicho halioni. Halafu la tatu, ikizima naifungua wapi?

Hili la tatu mtazame mtu usoni. Kuna mmoja nilimuuliza hakujibu, alichukua bisibisi mfukoni, akafungua skrubu mbili chini ya kitako, akatoa soketi ya kawaida kabisa mkononi, waya umefungwa kwa kibano siyo kwa lehemu, na ndani ya kitako, mahali ambapo hakuna mteja angeangalia, mbao ilikuwa imepigwa msasa na kupakwa mafuta sawasawa na nje. Mwingine wa banda la pili yake akanipa kadi ya biashara akasema kuna dhamana ya miaka miwili.

Haya, mimi naishia hapo, mwenye swali anyooshe mkono, na mwenye kiti alichokuja nacho tukigeuze.